JAN SWAMMERDAM, BWANA ALIYEPASUA WADUDU

Jan Swammerdam alizaliwa tarehe 12 Februari mwaka wa 1637 katika mji wa Amsterdam, nchi ya Uholanzi. Zamani zile merikebu za Waholanzi zilisafiri mpaka Bara Hindi na visiwa vya Mashariki, zikarudi Amsterdam na pilipili, mdalasini, hariri, na vitu vingi vya ajabu. Baba yake Jan alikuwa muuza dawa, naye alipenda sana kukusanya vitu hivyo. Alinunua makombe ya baharini, mawe, sarafu za kale, vyombo vya kauri, na wanyama waliokaushwa, hata nyumba yake ikajulikana mjini, na wageni wakubwa wakaja kuitazama.

Mtoto Jan alipewa kazi ya kuvifuta vitu hivyo, kuvipanga, na kuviandika katika orodha. Katika kazi hiyo alijifunza kutazama kwa makini. Haukupita muda mrefu, naye akaanza mkusanyo wake mwenyewe. Lakini hakutafuta makombe wala sarafu, alitafuta wadudu. Aliwatafuta katika mashamba, mifereji, mchanga, miti iliyooza, na hata katika vyoo. Watu wengine walimcheka, maana waliona si jambo la heshima kijana wa nyumba njema kushika vitu kama hivyo.

Baba yake alitaka mwanawe awe mchungaji wa kanisa. Jan alikuwa mcha Mungu, lakini alijiona hafai kwa kazi hiyo, akamwomba babaye amruhusu kujifunza uganga. Babaye akakubali, akitumaini ya kuwa mwanawe atakuwa mganga mwenye sifa na mshahara mzuri. Basi mwaka wa 1661 Jan akaingia katika chuo kikuu cha Leiden.

Siku hizo elimu ya wadudu ilikuwa kama chumba chenye giza. Watu wengi, hata wenye elimu, waliyafuata maneno ya Aristotle, mwenye hekima wa Uyunani, aliyeishi karibu miaka 2,000 kabla yao. Waliamini mambo matatu. La kwanza, ya kwamba mdudu hana viungo ndani ya mwili wake kama walivyo navyo wanyama wakubwa. La pili, ya kwamba wadudu wengi hawana wazazi, bali hutokea wenyewe katika umande, matope, au nyama iliyooza. La tatu, ya kwamba kiwavi hageuki kidogo kidogo kuwa kipepeo, bali hugeuka ghafula kuwa mnyama mwingine kabisa. Hata William Harvey, mganga Mwingereza aliyewaonyesha watu mwaka wa 1628 jinsi damu inavyozunguka mwilini, alikosea katika jambo hilo la tatu.

Swammerdam hakutaka kuamini wala kukataa kabla ya kuona. Huko Leiden alijifunza kupasua miili ya wanyama kwa ustadi mkubwa, akapata marafiki waliopenda elimu kama yeye. Baadaye alikwenda Ufaransa, akakaa katika nyumba ya bwana mmoja tajiri, jina lake Melchisédech Thévenot, aliyewasaidia wenye elimu. Urafiki wao haukuvunjika mpaka kufa. Mwaka wa 1667 Swammerdam akarudi Leiden, akapata cheo cha udaktari kwa kitabu alichoandika juu ya kuvuta pumzi. Sasa babaye alingoja aanze kuwatibu wagonjwa. Jan akarudi nyumbani, lakini badala ya kutibu watu akaketi mezani kupasua wadudu.

Mdudu hapasuliwi kwa kisu cha mpishi. Swammerdam alitumia visu, mikasi, na sindano ndogo sana, hata ikambidi kuvinoa akivitazama kwa kioo cha kukuzia, maana macho matupu hayakuona makali yake. Alikuwa pia na mirija ya kioo myembamba kama unywele. Kwa mirija hiyo alipuliza hewa katika mishipa ya mdudu ili ifure, au akatia maji yenye rangi ili njia zake zionekane. Mafuta yanayoficha viungo aliyayeyusha kwa tapentaini. Na mara nyingi alimpasua mdudu ndani ya maji, kwa sababu katika maji viungo huelea na kutengana, lakini katika hewa hukauka na kushikamana. Fundi mmoja wa Leiden, Samuel van Musschenbroek, alimfanyia meza ndogo ya shaba yenye mikono miwili. Mkono mmoja ulimshika mdudu, wa pili ulishika kioo cha kukuzia, nayo mikono ya Swammerdam ikabaki huru kwa kazi.

Taa za siku zile hazikutosha kwa kazi hiyo. Ilihitaji nuru ya jua. Kwa hiyo wakati wa kiangazi alianza saa kumi na mbili asubuhi, akaketi kwenye jua bila kofia, ili kivuli kisianguke juu ya mdudu. Jasho lilimtiririka usoni, lakini hakuondoka. Ilipofika saa sita mchana aliacha, si kwa sababu nuru ilikwisha, bali macho yake yalikuwa yamechoka, wala hayakuweza tena kutambua vitu vidogo. Ndipo alipoandika na kuchora mambo aliyoyaona, akaendelea mpaka usiku.

Mwaka wa 1668 alifika Amsterdam mgeni mkubwa, Cosimo de' Medici, mwana wa mtawala wa Toscana katika nchi ya Italia. Swammerdam akamwonyesha kiwavi aliyekaribia kugeuka. Akamchuna ngozi polepole kwa ustadi wake, na chini ya ngozi ile vikaonekana viungo vya kipepeo: mabawa yaliyokunjwa, miguu mirefu, na papasi. Basi kiwavi hakufa, wala hakugeuka ghafula kuwa mnyama mwingine. Kiwavi na kipepeo ni mdudu yule yule mmoja, kama mtoto na mtu mzima walivyo mtu mmoja.

Habari za maisha yake zasema kwamba Cosimo alistaajabu sana, akataka kuununua mkusanyo wa Swammerdam kwa gilda 12,000, nazo zilikuwa mali nyingi. Lakini aliweka sharti kwamba Swammerdam mwenyewe aende Florence kukaa katika jumba lake. Swammerdam akakataa. Hakupenda maisha ya jumba la mtawala, ambamo mtu hana budi kusema yanayompendeza bwana wake.

Mwaka uliofuata, 1669, alitoa kitabu chake juu ya wadudu wote kwa jumla. Katika kitabu hicho alionyesha kwamba wadudu hutoka katika mayai yaliyotagwa na wadudu wenzao, wala hawatokei katika uozo. Mwaka wa 1668 Francesco Redi wa Italia alikuwa ametangaza jaribio lake la kufunika nyama kwa kitambaa: nzi hawakuweza kuifikia, na nyama ikaoza bila kutoa funza. Hivyo watu wawili, katika nchi mbalimbali, waliligonga kosa lile moja la zamani.

Kisha Swammerdam akawageukia nyuki, na kazi hii ndiyo iliyomchosha kuliko zote. Aliimaliza mwaka wa 1673. Mwili wa nyuki, kama wa kila mdudu mzima, una sehemu tatu: kichwa, kifua, na tumbo. Katika kifua hutoka miguu sita na mabawa manne. Hayo mtu aweza kuyaona kwa macho yake. Lakini kazi ya Swammerdam ilikuwa kuingia ndani.

Nyuki hana mapafu. Ubavuni mwake mna vitundu vidogo, navyo ndivyo pua zake. Hewa huingia kwa vitundu hivyo, ikapita katika mirija inayogawanyika kama matawi ya mti, tena na tena, mpaka ikafika kila upande wa mwili. Kwa kuwa hewa hufika kwa mirija hiyo, damu ya nyuki haina kazi ya kuichukua, wala si nyekundu. Moyo wake ni mrija mrefu uliolala mgongoni. Mshipa wake mkuu wa fahamu haupiti mgongoni kama wa mwanadamu, bali hupita upande wa tumbo, nao una mafundo mafundo kama kamba. Kabla ya tumbo la chakula kuna kifuko cha kuchukulia maji matamu ya maua mpaka mzingani. Macho yake mawili makubwa, kila moja limejengwa kwa vijicho elfu kadhaa vilivyopangwa kama vyumba vya sega. Na mwiba wake una meno yaliyoelekea nyuma kama chusa. Ndiyo sababu nyuki akimchoma mtu hushindwa kuuchomoa, akauacha pamoja na kifuko cha sumu, kisha mwenyewe akafa.

Katika kila mzinga yumo nyuki mmoja mkubwa kuliko wengine, na watu wengi wa Ulaya walimwita mfalme. Walisema kwamba mfalme huyo hutawala jeshi lake kwa amri, na wengine waliwafundisha watu utii kwa mfano wake. Swammerdam alimpasua huyo mfalme, akaona tumboni mwake vifuko viwili vyenye mayai maelfu. Basi mfalme alikuwa mama! Akawapasua na wale nyuki wanene wasio na mwiba, waliosemwa kuwa ni wavivu, akaona viungo vya kiume. Hivyo hadithi ya miaka mingi ilipinduliwa kwa kisu kidogo kuliko punje ya mchele.

Si kwamba hakukosea. Alidhani kwamba nyuki wafanya kazi si wake wala waume, na leo inajulikana kuwa wote ni wa kike ambao vifuko vyao vya mayai havikukua. Tena hakuona dume na mama wa mzinga wakikutana, kwa hiyo akadhani kwamba harufu ya madume yatosha kuyapa mayai uhai. Hakujua kuwa hukutana angani, mbali na mzinga. Vilevile alipoona viungo vya kipepeo ndani ya kiwavi, alifikiri kwamba vilikuwamo vyote tangu mwanzo, vikikua tu. Leo wataalamu wanajua kwamba viungo vingi hujengwa upya kwa vipande vidogo vilivyofichwa katika mwili wa kiwavi. Lakini makosa hayo yaliweza kusahihishwa na waliokuja nyuma, kwa sababu yeye aliandika wazi aliyoyaona na jinsi alivyoyaona.

Wakati huo nyumbani mwao hapakuwa na amani. Babaye aliona miaka inapita, na mwanawe, daktari mwenye cheti, hapati hata senti. Alimwonya mara nyingi, kisha akatishia kumnyima fedha na nguo. Mtu asimhukumu mzee huyo upesi, maana alikuwa amegharimia masomo ya Jan kwa miaka mingi. Naye Jan alimheshimu babaye, akajaribu kutii, lakini kila mara alirudi kwenye meza yake. Tena afya yake ilikuwa mbaya. Tangu ujana wake alishikwa na homa ya vipindi, inayokuja na kwenda na kurudi tena, na wanaoandika habari zake husema ilikuwa malaria. Siku zile malaria ilikuwako Uholanzi pia, katika nchi yenye maji na mabwawa mengi.

Pamoja na hayo, moyo wake uliingiwa na mashaka makubwa. Alipoona utaratibu uliomo ndani ya chawa au nyuki, alimsifu Mungu aliyeviumba. Lakini alijiuliza kama hakuwa anaipenda sifa yake mwenyewe kuliko Mungu, na kama ilikuwa halali kutumia maisha katika elimu ya viumbe huku roho ikisahauliwa. Katika mashaka hayo alimwandikia barua Antoinette Bourignon, mwanamke aliyewafundisha watu kuacha mambo ya dunia.

Mwaka wa 1675 alitoa kitabu juu ya mdudu mmoja wa mtoni. Mdudu huyo akiwa buu hukaa majini, katika vitundu vya udongo, muda wa miaka mitatu hivi. Kisha jioni moja ya kiangazi hutoka pamoja na wenzake kwa maelfu, kama kumbikumbi baada ya mvua. Huchuna ngozi yake, huruka, hukutana na mwenzake, hutaga mayai juu ya maji, na hufa. Akiwa na mabawa huishi saa chache tu, wala hali kitu chochote. Swammerdam alieleza viungo vyake vyote, akaunganisha na maelezo hayo mawazo juu ya ufupi wa maisha ya mwanadamu.

Mwaka huo huo aliacha kazi yake. Maandiko yake juu ya nondo wa hariri aliyaharibu, na michoro yake akampelekea Marcello Malpighi wa Bologna, bingwa wa Italia aliyekuwa amemchunguza nondo huyo kabla yake. Mirija inayosafisha damu ya mdudu, kama figo zinavyofanya kwa mwanadamu, huitwa mirija ya Malpighi hata leo. Kisha Swammerdam akasafiri kwenda Schleswig, akakaa na Antoinette Bourignon na wafuasi wake. Lakini amani aliyoitafuta hakuipata huko. Mwaka wa 1676 akarudi Amsterdam.

Babaye alikufa mwaka wa 1678. Sasa Jan alikuwa na urithi, lakini pamoja na urithi akapata ugomvi na umbu lake juu ya mali. Alitaka kuuza mkusanyo wake wa wadudu apate fedha za kuishi, asipate mnunuzi. Alihama nyumba ya babaye, na homa ikazidi. Hata hivyo alikuwa ameishika kazi yake tena. Hakutafuta tena tajiri wa kumsifu. Alitaka kukusanya maandiko na michoro yote katika kitabu kimoja kikubwa kabla nguvu hazijamwishia. Katika miezi ile ya maumivu aliandika juu ya viungo vya chawa, mdudu anayedharauliwa kuliko wote, kwa uangalifu ule ule aliomwandikia nyuki.

Mwezi wa Januari mwaka wa 1680 alifanya wasia, akamwachia rafiki yake Thévenot maandiko yake. Tarehe 17 Februari akafa, mwenye umri wa miaka 43. Kitabu kikubwa hakikuwa kimepigwa chapa. Hata picha yake ya hakika haikubaki, kwa hiyo leo hakuna ajuaye uso wake ulikuwaje.

Ilionekana kana kwamba taabu yake yote imekwenda bure. Maandiko yalikuwa Leiden kwa mtu aliyepewa kuyatafsiri, naye hakutaka kuyatoa, mpaka Thévenot akamshitaki. Thévenot naye akafa mwaka wa 1692 bila kuyatangaza. Yakauzwa kwa mchoraji mmoja, kisha kwa mpasuaji mmoja wa Ufaransa, yakawekwa miaka mingi. Mwishowe Herman Boerhaave, mganga mwenye sifa kuliko waganga wote wa Leiden, akapata habari zake. Mwaka wa 1727 akayanunua kwa fedha zake, akayapanga, akaandika mbele yake habari za maisha ya Swammerdam. Miaka ya 1737 na 1738 yalitoka kwa majalada mawili makubwa, katika lugha ya Kiholanzi na Kilatini, kwa jina la Biblia ya Maumbile. Ilikuwa zaidi ya miaka 57 tangu mwenyewe azikwe. Michoro yake ilikuwa safi na ya kweli, hata wenye elimu wakaendelea kuitumia kwa muda mrefu.

Tena liko jambo moja ambalo Swammerdam hakuweza kulijua. Homa iliyomsumbua miaka mingi huletwa na mdudu. Tarehe 20 Agosti mwaka wa 1897, katika mji wa Secunderabad huko Bara Hindi, mganga Ronald Ross alimpasua mbu aliyekuwa amemnyonya mgonjwa wa malaria, na katika ukuta wa tumbo la mbu yule akaviona vijidudu vya ugonjwa huo. Mwaka wa 1898 alimchunguza mbu anayewaambukiza ndege malaria, akavifuata vijidudu mpaka katika tezi za mate yake. Ndipo watu walipofahamu kwa nini kuumwa na mbu huleta homa. Laiti mdudu angekuwa hana viungo ndani yake, kama walivyoamini watu wa kale, hakuna ambaye angetazama tumbo la mbu. Hata leo, katika Afrika ya Mashariki, wataalamu wa malaria hupasua mbu wakitazama tezi zake kwa hadubini, ili wajue kama wamechukua vijidudu.

Waliomcheka kijana Jan alipokusanya wadudu katika vyoo na mifereji hawakuona faida yoyote. Yeye mwenyewe hakuiona yote. Alilojua ni kwamba kitu kidogo si kitu duni, na kwamba anayetaka kusema kweli juu yake hana budi kwanza kukitazama.